Naomba ushauri: mume wangu anataka tuweke mashine ya bonanza dukani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina duka dogo la rejareja huku uswahilini, Dar. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kuomba aweke mashine ya bonanza barazani, zile za kamari za kutumbukiza sarafu ya shilingi 200. Yeye analeta mashine, sisi tunatoa nafasi na umeme, mapato tunagawana. Mume wangu amekubali. Anasema ada za watoto za Januari hazisubiri.

Mimi moyo umegoma. Juzi kwa jirani, ambaye tayari anayo, nilimwona mtoto katumwa sukari robo, akasimama kwenye mashine mpaka hela ikaisha. Sheria inataka miaka 18, lakini nani wa kumzuia wakati muuzaji yuko ndani anapima unga? Mtoto alibaki kashika kifuko kitupu, anaogopa kurudi kwao. Sijaacha kumfikiria.

Najua Biblia haitaji kamari kwa jina. Lakini Paulo, kwenye 1 Wakorintho 8, yuko tayari kuacha nyama kabisa asije akamkwaza ndugu yake. Na mimi pato hilo nitalitolea sadaka kwa uso gani?

Wenye ndoa na wafanyabiashara mliookoka, nimkatalie vipi mume wangu bila kuvuruga nyumba? Na kama kuna aliyewahi kuiweka mashine hiyo kisha akaitoa, pengo la mapato aliliziba kwa biashara gani?