MJADALA: Mwanafunzi akifelishwa kwa kosa la ofisi, serikali ya wanafunzi inamsaidia nini?

Mleta mada

Habari za muda huu wadau. Kuna jambo linanisumbua tangu nikiwa mwaka wa pili na sasa nimeshamaliza bado halijanitoka. Hii hela ya serikali ya wanafunzi tunayolipa pamoja na ada (kwetu ilikuwa elfu kumi kwa mwaka) iendelee kuendesha rais, waziri mkuu, mawaziri na bunge lao, au sehemu yake iajiri watu wawili wa kudumu ambao kazi yao ni moja tu, kusimama na mwanafunzi akipata matatizo na chuo? Mimi nasema iajiri watu, na nitawaambia kwanini.

Chuo sikitaji. Rumeti wangu matokeo ya semista ya pili yalipotoka somo moja likasoma inkompliti, yaani halijakamilika, CA (alama za testi za semista) haipo kwenye mfumo. Mnajua wenyewe CA ni 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, ukikosa ile 40 hata UE uipige vipi hutoboi. Na testi alifanya! Karatasi anazo, ya kwanza 14 kwa 20, ya pili 12 kwa 20, wino mwekundu na saini ya lekchara pembeni. Lekchara kaenda kusoma nje. Idara wakasema nenda kwa afisa taaluma, afisa taaluma akasema mfumo umefungwa rudi idara, idara wakasema andika barua, barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa ikalala palepale. Alikuwa na faili la kijani, mpaka mwisho lilikuwa na nakala za barua saba, zote zina muhuri na hakuna hata moja yenye jibu.

Nikamsindikiza kwa waziri wa elimu wa serikali yetu. Kijana muungwana kabisa, simsemi vibaya, lakini alitusikiliza amesimama mlangoni maana naye alikuwa anawahi testi, akasema atalipeleka kwenye kikao. Kabla ya kikao ukaja uchaguzi, akaingia waziri mwingine ambaye hakukabidhiwa chochote, hata jina la yule binti halijui. Kumbe muda wote huo kulikuwa na siku maalum za kukata rufaa na zilishapita, na sisi wawili tunazunguka na barua hatujui. Somo likahesabiwa sifuri, akarudia mwaka mzima bila bumu (hela ya kujikimu ya mkopo), akawa anakaanga mihogo asubuhi anauza pale nje ya hosteli ili ale. Miezi yote hiyo ni kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia "dada kata rufaa kabla ya Ijumaa, fomu hii hapa".

Naomba mawazo yenu.

Mzee wa Mlimani

Kijana wangu, pole wewe na pole kwa huyo binti. Lakini dawa unayotoa inanitisha. Someni historia kidogo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT, Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake asilimia 20. 1971 rais wa DUSO, chama cha wanafunzi cha pale, Mkenya anaitwa Akivaga, akatolewa chuoni kwa nguvu akarudishwa kwao, na ugomvi wenyewe ulikuwa wanafunzi kutaka sauti kwenye maamuzi ya chuo. Machi 1978 wakaandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa mamia, na DUSO ikafutwa ikaletwa MUWATA, chama kingine cha wanafunzi. Wale hawakuwa na ofisi ya kulipwa mshahara wala faili, walikuwa na wanafunzi nyuma yao. Sasa wewe unaleta mwajiriwa ambaye mshahara wake unapita kwenye akaunti ya chuo. Siku anatakiwa kumbana mkuu wa idara atambana kweli? Chama cha wanafunzi mkikigeuza dawati la huduma mtakuwa mmekinyang'anya meno, na siku mikopo ikichelewa kwa wote hamtakuwa na wa kusema.

Mdau niko Leicester

Shikamoo mzee. Naheshimu ulichosema ila huku Uingereza nimeona vyote viwili vikikaa nyumba moja. Viongozi wa kuchaguliwa wapo, wanapiga kelele za karo na kodi za hosteli, na chini ya chama hichohicho kuna ofisi ya washauri ambao hawachaguliwi, ni waajiriwa wa chama na sio wa chuo. Mimi mwaka wa kwanza wa masta niliitwa kwa tuhuma ya kunakili kazi, nilikuwa nimesahau kuweka alama za kunukuu kwenye aya mbili, nikadhani ndo narudishwa Tabora. Mama mmoja mshauri alinikalisha saa nzima, akasoma barua yangu mstari kwa mstari, akafuta sehemu nilizokuwa nalia tu akaniambia weka ushahidi hapa, na siku ya kikao alikaa kiti cha pembeni yangu. Sikulipa hata senti. Na ukimaliza ngazi zote za chuo hujaridhika kuna chombo huru cha nje, OIA, kipo tangu 2004, kinapokea malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales. Kwahiyo mleta mada haoti ndoto, jambo hili lipo na linafanya kazi.

Mkenya hapa

Sisi huku shida ikaanzia kwa kura yenyewe. Kabla ya sheria ya vyuo kurekebishwa 2016 comrade, yaani mwanafunzi, alikuwa anapiga kura moja kwa moja, sasa mnachagua wajumbe halafu hao wajumbe ndio wanachagua viongozi. Waliambiwa ni kupunguza pesa na fujo. Lakini wajumbe wachache ni rahisi sana kununuliwa, hiyo mzee ameongea ukweli, mambo ya nani analipa nani lazima muyaangalie mapema.

Dada wa Dodoma

Naomba niongee kitu ambacho wanaume hapo juu hamjakigusa. Rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja waziwazi kuwa kosa, TAKUKURU wenyewe walishafanya utafiti UDSM na UDOM, kwahiyo asije mtu hapa kusema ni maneno ya mtaani. Sasa niambieni, binti wa miaka 20 ameambiwa na lekchara "njoo tuongee kuhusu sapu yako" (mtihani wa kurudia) usiku, atampelekea nani? Waziri wa jinsia wa serikali ya wanafunzi ambaye ni klasimeti wake, wako grupu moja la WhatsApp, na mwakani anaomba kura? Hawezi. Mimi sikuweza. Anahitaji mtu mzima aliyesomea hiyo kazi, mwenye mlango unaofungwa, anayejua ushahidi unatunzwaje na meseji usizifute. Madawati ya jinsia yameanzishwa vyuoni ndio, lakini ni ya chuo, na anayemuogopa mtu wa chuo atakwendaje dawati la chuo?

Mleta mada

Dada wa Dodoma nimekusoma mara tatu, pole sana, na asante kwa kulisema.

Mzee wangu shikamoo, hoja yako ya nani analipa ni nzito na sitaikwepa. Ndo maana nasema asiajiriwe na chuo, aajiriwe na serikali ya wanafunzi kwa mkataba wa miaka mitatu ambao rais mpya hawezi kuuvunja kisa kampeni, na hiyo hela iingie akaunti ya wanafunzi moja kwa moja badala ya kuisubiri ofisini kwa mshauri wa wanafunzi, yule dini wa chuo, itoke kwa vibali. Najua kuna kanuni za jumuiya za wanafunzi za 2009 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, basi zirekebishwe, hazikushushwa na wahyi.

Kuhusu hela hebu tupige hesabu. Chuo chenye wanafunzi elfu nane kwa elfu kumi ni milioni 80 kwa mwaka. Watu wawili wa milioni moja na nusu kwa mwezi ni milioni 36. Inabaki milioni 44 ya bonanza, semina, safari na vikao, na ya maandamano pia mzee, meno hayang'oki. Wale wa 1966 na 1978 walifukuzwa mamia kwa mamia, je kama kungekuwa na mtu wa kukaa nao mmoja mmoja kuandika rufaa zao?

Yule rumeti wangu alimaliza mwaka mmoja nyuma yangu. Juzi nilimuomba lile faili la kijani nilipige picha niambatanishe hapa, akasema bado analo ila hataki kulifungua. Nimemuacha.