Mrejesho: kitufe cha dharura cha mama

Wakuu, niliuliza kitufe gani cha dharura, cha kubonyeza kuita msaada, kinamfaa mama anayeishi peke yake na alikuwa ameshaanguka mara mbili. Asanteni sana. Nilimfuata aliyeshauri kidude cha kuvaa shingoni chenye laini yake ya simu, si kile kinachotegemea mtambo wa nyumbani, maana mama hatulii ndani. Juzi aliteleza bafuni, akabonyeza, nikapokea. Jirani, ambaye ni namba ya pili ya kupigiwa, ndiye aliyewahi kufika.

Kilichogoma ni kile kipengele cha kidude kuhisi chenyewe kwamba mtu ameanguka. Akijitupa kwenye kochi kinapiga. Siku aliyoserereka taratibu ukutani, kimya! Nimekizima kipengele hicho tu. GPS nayo, ile ya kuonyesha alipo, ikiwa ndani ya nyumba hukosea. Kuchaji tumehamishia wakati wa chakula, kwani usiku akienda chooni ndipo anapokihitaji zaidi.