Cheti cha uuguzi kifutwe, au mlango wa S4 ubaki wazi?

Muuguzi, Arua

Hamjambo nyote. Kwa miaka kadhaa sasa hapa Uganda pendekezo moja linaenda na kurudi: mafunzo ya cheti cha uuguzi na ukunga yaondolewe, anayetaka kazi hii aanzie diploma. Maana yake aliyemaliza S4, yaani kidato cha nne, hataingia tena chuo cha uuguzi. Itabidi asome S5 na S6, apate ufaulu mkuu wa Biolojia na Kemia, ndipo aombe nafasi. Mimi napinga, na wanaounga mkono nawaomba waje tuzungumze.

Kwa asiyejua ngazi zetu: cheti ni miaka miwili na nusu baada ya S4, na unatakiwa uwe umefaulu Kiingereza, Hesabu, Biolojia, Kemia na Fizikia. Diploma ya moja kwa moja ni miaka mitatu baada ya S6. Mwenye cheti akishafanya kazi anaweza kurudi chuoni kwa mwaka mmoja na nusu akapata diploma. Juu yake kuna shahada ya miaka minne, ambayo Chuo Kikuu cha Makerere walianza kuitoa 1993.

Mimi niliingia kwa cheti. Baba alikuwa askari mstaafu, tuko saba nyumbani, karo ya S5 haikuwepo. Siku ya mahojiano tulikaa chini ya mwembe tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na bahasha yake kifuani, na nafasi zenyewe chache. Zamu yangu ilipofika niliulizwa: umemkuta mtu anavuja damu na huna glavu, utafanya nini? Nikasema nitavaa kaveera, mfuko wa plastiki, mkononi, niifunge kwenye kifundo, nikandamize kidonda. Mama mmoja kati ya waliokuwa wakiuliza aliniangalia kwa muda, kisha akaandika. Jibu lile sikulipata darasani. Nilimwona shangazi yangu akifanya hivyo, yeye alikuwa akizalisha kijijini. Kemia yangu ilikuwa ya kupita tu.

Leo niko kituo cha afya cha daraja la tatu. Usiku tunabaki wawili, na wote wawili tuliingia kwa cheti. Anayetaka kukifuta aniambie nani atakuja kulala hapa.

Mwalimu wa Kemia, Busia

Sista, heshima zako. Kazi yenu naijua, mke wangu alijifungulia mikononi mwa mwenye cheti na mtoto ni mzima. Lakini naomba unisikilize.

Kuna hesabu ninayowapa vijana wanaoniambia wanataka uuguzi. Daktari ameandika lita moja ya maji ya dripu, iishe kwa saa nane. Mrija unatoa matone 20 kwa mililita moja. Utaweka matone mangapi kwa dakika? Jibu ni kama 42. Mwaka jana nilimpa hesabu hiyo msichana aliyekuwa tayari na barua ya kuitwa chuoni. Akaandika 125. Nikaona alikotoka: amegawa 1000 kwa 8, akapata mililita kwa saa, akadhani ndiyo matone. Sasa iweke hiyo 125 kwenye dripu. Lita nzima itaingia kwa saa mbili na dakika arobaini. Mtu mzima mwenye nguvu labda atavumilia. Mzee wa moyo, au mtoto mwenye utapiamlo, mapafu yatajaa maji na utamwona anahema mbele yako.

Msichana huyo si mjinga. Alisoma sayansi kwa miaka minne katika shule ambayo maabara yake ni kabati moja, na kabati lenyewe hufunguliwa wiki za mtihani. Sasa zimekuja alama mpya za A hadi E, zilizotoka kwa mara ya kwanza katika mtihani wa S4 wa 2024, na hata vyuo vinahangaika kuzilinganisha na zile za zamani. Miaka miwili ya S5 na S6 ingempa msingi, na umri pia. Mtoto wa miaka 17 tunamkabidhi maiti aivalishe. Hilo ni sawa?

Mama wa watano, Gulu

Mwalimu, umesema vizuri lakini hiyo miaka miwili analipa nani? Mimi nauza samaki wakavu. Binti yangu wa pili yuko chuo cha uuguzi mwaka wa kwanza. Karo ni moja, na karatasi ya mahitaji ni nyingine: sare pea mbili, viatu, saa yenye mkono wa sekunde, boksi la glavu, rimu za karatasi, ndoo, fagio, jiki ya kuua vijidudu, godoro. Karo isipokamilika, mlango wa chumba cha mtihani haumpitishi. Ukiniongezea S5 na S6 kabla ya hayo yote, msichana ataolewa, na sitaweza kumlaumu.

Na wazazi wenzangu, kabla ya kulipa hata shilingi moja ulizeni kama chuo kinatambuliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na kama mtoto atapewa namba yake na Baraza. Mtoto wa dada yangu alisoma miezi kumi na minne mahali fulani, jengo zuri, walimu na makoti meupe. Namba haikuja. Alipofuatilia akaambiwa chuo hakimo kwenye orodha. Pesa haikurudi, na miezi ile hakuna chuo kilichoihesabu, akaanza upya. Kwetu hapa heshima ya muuguzi tunaijua. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia, wauguzi wa hospitali ya Lacor walikufa wakiwahudumia watu wetu, na Daktari Matthew Lukwiya naye akafa Desemba. Waliobaki hawakukimbia wodi. Kwa hiyo mtu akichezea mafunzo haya kwa biashara, inaniuma sana.

Mkunga mstaafu, Kasese

Binti yangu wa Arua, nakupenda ila sikubaliani nawe. Nimefanya kazi miaka thelathini na kitu. Nilianza na cheti kama wewe. Unajua kilichoniumiza? Usiku wodi ni ileile, damu ni ileile, mama anayesukuma haulizi una cheti au diploma. Mwisho wa mwezi ndipo tofauti inapoonekana. Mshahara mdogo, na ukitaka kupanda unajilipia mwenyewe chuo huku una watoto. Wenzangu wengi waliishia palepale walipoanzia. Cheti kinawapa waajiri mikono ya bei nafuu. Hata mishahara ya wahudumu wa afya ilipopandishwa 2022, mwenye cheti alibaki chini ya ngazi. Kikifutwa, na hao waliopo wakasomeshwa na serikali hadi diploma bila kulipa, mimi nitashangilia.

Tena kazi imebadilika. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliletwa hospitali ya Kagando akitokea Kongo, anatapika damu. Wahudumu waliompokea wakashuku Ebola mapema, akahamishiwa hospitali ya Bwera kwenye sehemu iliyotengwa. Jicho la namna hiyo linahitaji kusomeshwa vya kutosha. Kwa nini tumsomeshe nusu mtu ambaye ndiye anapokea wagonjwa wa kwanza?

Mwanafunzi, muhula wa tatu

Wakubwa zangu, naomba nami niseme. Mimi ni wa cheti. Wa diploma tuko nao wodi moja, kwa hiyo nawaona.

Mnabishana kuhusu mlango, lakini sisi shida tunayo baada ya kuingia. Jumatatu iliyopita tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwenye kitanda kimoja. Mgonjwa ni mzee wa presha, mashine ya kupimia ni moja. Sista akasema kila mmoja apime, tutie saini kwenye vitabu vyetu vya mazoezi. Wa kwanza alipima, wa pili akapima, alipofika wa nne, mzee akaanza kuukunja mkono wake polepole hadi akauficha chini ya shuka. Hakusema neno. Mimi nilikuwa wa saba. Nilimshukuru nikaondoka, na nafasi yangu ya saini ikabaki tupu. Wenzangu wawili waliandika namba walizosikia kwa wengine, wakasainiwa.

Mwalimu, kuhusu zile dripu: nilipofika nami sikuzijua. Aliyenifundisha ni mwenzangu wa diploma, usiku, kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Tuko watatu, tunakutana baada ya chakula cha jioni. Mmoja anauliza dozi, mwingine anakokotoa kwa sauti, wa tatu anasahihisha, halafu tunabadilishana. Bila hao ningeshaondoka muhula wa kwanza. Mtihani wa bodi ni wa nchi nzima, haukuulizi kwenu mlikuwa na maabara au hapana.

Na kifo cha kwanza. Alikuwa mama kijana, umri wa dada yangu. Nilitumwa nikachukue maji ya kumwosha, nikasimama bombani mpaka ndoo ikafurika na sikuona. Hakuna aliyenikemea, lakini pia hakuna aliyeniuliza uko salama. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa darasani nikiandika mifupa ya mguu. Mwalimu wangu wa Busia, kuna mwenzangu aliyemaliza S6, tulikuwa naye zamu ile. Naye alilia. Ana miaka 20.

Kijana wa Nakivale

Mimi natoka Bukavu, niko kambi ya wakimbizi tangu nikiwa S2. Kwetu Kongo kuna shule za sekondari za afya, unatoka ukiwa muuguzi wa A2, na vijijini hao ndio wanashika kazi. Kwa hiyo wazo kwamba kijana wa sekondari hawezi linanishangaza kidogo.

Kaka yangu alikuja na diploma yake ya serikali ya Kongo, imeandikwa Kifaransa. Ili chuo kimsikilize ilibidi itafsiriwe, kisha ilinganishwe na mitihani ya hapa. Muda ukaenda. Mimi nimefanya mtihani wa S4 hapahapa Isingiro, nimefaulu masomo yote matano, na chuo nilichoomba kimeniita kwenye mahojiano. Mkisema nianze S5, sina mfadhili wa S5.

Kitu kingine hamjakitaja. Mama yangu alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, nesi alikuwa anamwambia asisukume bado. Anasema kwa Kiingereza, kisha kwa Runyankore. Mama anajua Kiswahili na Kishi. Alisukuma. Alichanika vibaya, na mpaka leo anakumbuka kwamba alidhani anasifiwa. Nesi yule alikuwa mpole, tena alijitahidi. Kwenye mahojiano yenu ya chuo, kuna anayeuliza mtu anajua lugha gani?

Mwalimu wa Kemia, Busia

Kijana, Mungu akufungulie. Hilo la lugha nalikubali bila ubishi, nami sikuwa nimeliwaza. Na wewe wa muhula wa tatu, pole sana kwa yule mama. Hoja yangu ya umri naiondoa. Ya hesabu nabaki nayo.

Muuguzi, Arua

Nimesoma yote baada ya zamu, mara mbili.

Mwalimu, kuhusu hesabu umenishinda. Leo nimechukua saa yangu nikahesabu matone ya mgonjwa aliye mbele yangu, kisha nikamwomba mwenzangu anikokotolee ile ya lita moja bila kuandika. Alichelewa, akapata. Mimi pia nilichelewa. Kwa hiyo nasema hivi: cheti kibaki, ila mahojiano yawe na hesabu za dozi na dripu, na atakayeshindwa asifukuzwe, apewe miezi michache ya kufundishwa kabla ya kugusa mgonjwa. Miezi hiyo ni rahisi kulipia kuliko miaka miwili ya S5 na S6.

Mama mkunga, shikamoo. Kuhusu mshahara huna wa kukupinga. Lakini ukifuta cheti leo, wale wa bei nafuu hawatapanda daraja, watabadilishwa na watu wasiosoma kabisa. Tumewaona kwenye kliniki za barabarani, anachoma sindano na hajui jina la dawa. Kwanza serikali iwalipie waliopo ule mwaka mmoja na nusu wa diploma. Wakishapanda wote, ndipo tuzungumze kufunga mlango, na hapo pengine hata mimi nitakubali.

Aliyenigeuza zaidi ni huyu mwanafunzi. Nilikuja hapa nikitetea mlango kwa sababu ndio niliopitia, sikufikiria kitanda chenye watu kumi na mmoja. Ukiongeza wanafunzi wa diploma badala ya cheti, kitanda ni kilekile na mzee ataficha mkono vilevile. Vyuo vimeongezeka, wodi za hospitali kubwa hazikuongezeka, na sote tunawapeleka watoto palepale. Kabla chuo hakijaruhusiwa kuongeza nafasi, kiulizwe kitawaweka wapi, kwa wagonjwa wangapi, chini ya sista yupi mwenye muda.

Kwetu leo tumepima wajawazito thelathini na wanne, tuko wawili na mashine ya presha moja inayofanya kazi. Kuna malaria, kuna vidonda, kuna watoto wa chanjo kila Jumatano. Mwanafunzi hakuna hata mmoja. Chumba kipo nyuma ya stoo, kina vitanda viwili na chandarua. Mwanangu wa muhula wa tatu, mwambie mkuu wa chuo chako awaandikie ofisi ya afya ya wilaya, nami nitazungumza na msimamizi wetu kesho asubuhi. Njoo na wenzako wawili wa tochi.