Matangazo ya Google kwa fundi friji, nijaribuje?

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza friji na AC, Sinza na Kijitonyama. Nimeweka tangazo Google, lile la kulipia kila mtu akibofya. Hela inakatwa, simu haiiti, na wachache wanaopiga wanauliza kama nafundisha ufundi! Nijuaje tatizo liko wapi?

Jibu: Fungua ripoti ya maneno waliyotafuta watu kabla ya kubofya. Mimi nauza mapazia Kariakoo. Nilikuta "bei ya cherehani" na "jinsi ya kushona pazia". Wateja gani hao? Zuia maneno ya aina hiyo. Kwako "chuo", "ajira", "mafunzo". Kagua na eneo pia: usipobadilisha mpangilio, Google huonyesha tangazo hata kwa aliyeko mbali ilimradi ameonyesha kuvutiwa na Dar. Chagua waliopo tu.

Jibu: Ukishasafisha, weka matangazo mawili, ubadilishe kichwa tu: "Fundi friji Sinza" na "Friji haigandishi? Tunakuja leo". Kila moja na laini yake ya simu. Mibofyo isikudanganye, hesabu kazi ulizopata.

Muulizaji: Duh, ripoti imejaa "friji za mtumba bei". Nazuia sasa hivi. Laini ya pili ninayo.