Varnishi imeacha ukungu mweupe kwenye sanamu ya joka

Wakuu, nimepaka rangi sanamu ndogo ya joka, kisha nikaipulizia varnishi ya kopo isiyong'aa jioni ya mvua hapa Moshi. Joka jeusi limegeuka kijivu. Nikwangue rangi nianze upya?

— Usikwangue! Huo ni unyevu wa masika ulionaswa kwenye varnishi. Paka varnishi ya maji inayong'aa kwa brashi, safu moja nyembamba. Mara nyingi ukungu hupotea. Acha saa 24, kisha rudishia isiyong'aa, kwa brashi vilevile.

— Niko Arusha. Mvua hulaumiwa sana, kumbe kopo halikutikiswa. Tikisa dakika 2 kamili, pulizia kwa mkupuo mfupi, ukiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye sanamu. Ukiwa mbali mno, matone hukauka hewani na kutua kama vumbi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki.

— Na upulizie mchana mkavu, kivulini.