Naomba ushauri: jeli inayoyeyuka kwa mwanga haiachii seli shina za chini

Mgeni_Maabara: Wakuu, shikamooni. Ninaotesha seli shina za uboho (zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) ndani ya jeli ya polietilini glaikoli yenye viungo vya nitrobenzili, vile vinavyokatika kwa mwanga wa nanomita 365. Tripsini, kimeng'enya cha kung'olea seli, nimeikimbia kwa sababu inazinyoa seli protini za nje, na mimi nazitaka hizohizo. Sasa nikimulika, juu panayeyuka vizuri, chini panabaki bonge. Niongeze mwanga? Naogopa nitaziunguza.

Kiini77: Marahaba. Unene wa jeli ni kiasi gani?

Mgeni_Maabara: Milimita 2.

Kiini77: Basi mchawi umemshika. Nitrobenzili yenyewe inakunywa mwanga, na mabaki yake baada ya kukatika yanaendelea kunywa. Tabaka la juu linashiba, la chini linalala njaa. Ifanye nyembamba, chini ya nusu milimita. Na kabla ya kumulika mwaga kile kimiminika chekundu cha kuoteshea, weka maji ya chumvi yenye bafa (kitu cha kutuliza kiwango cha asidi). Rangi ile na vitamini B2 vinakuibia mwanga.

Fundi_Polima: Mie nauliza: uliigandishaje? Kama ni kwa mwanga huohuo wa 365, ulikuwa unashona huku unafumua. Kikundi cha Kristi Anseth, mtafiti wa jeli hizi kule Colorado, Marekani, kwenye kazi yao ya 2009, waliigandisha kwa kemikali, bila mwanga. Ukiona bado seli zinaumia, kuna viungo vya kumarini vinavyokatika kwa nanomita 405, mwanga mpole zaidi.

Mgeni_Maabara: Duh. Ni huohuo.

Bi_Hadubini: Pole mwanangu. Nami naongeza la kwangu, maana wengi hulisahau: usimulike kidogokidogo siku tatu. Jeli ikilainika nusu, seli zinausikia ulaini huo na kuanza kubadilika, kwa hiyo utakachovuna sicho ulichootesha. Tena zina kumbukumbu. Mwaka 2014 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba seli zilizokaa siku 10 kwenye plastiki ngumu ziliendelea na tabia za ugumu hata baada ya kuhamishiwa palipo laini. Andika siku ulizozikuza kwenye chupa kabla ya jeli. Halafu mulika na seli zisizo na jeli, ujue madhara ya mwanga peke yake.

Mgeni_Maabara: Kwenye chupa zilikaa wiki mbili, mama. Naanza upya.