Kidude cha kuchomeka chini ya usukani: kinapunguza petroli kweli?

Bin Konde:
Assalaam alaykum wanajamvi. Kuna kidude kinauzwa Darajani, Unguja, na sasa kimeshavuka mpaka Chake, Pemba, cha kuchomeka kwenye ile soketi ya kupimia gari chini ya usukani (OBD). Kina taa tatu na kitufe. Maelezo yake: fungua swichi bila kuwasha injini, bonyeza kitufe, subiri nusu dakika, halafu endesha kilomita 200 "kijifunze" uendeshaji wako. Baada ya hapo eti petroli inapungua kwa asilimia 35. Gari ni Vitz ya 2002, njia yake Chake–Konde. Na zile sumaku za kufunga kwenye paipu ya petroli, zina lolote?

Fundi Waya:
Waalaykum salaam. Usinunue, sheikh. Kama kipo mkononi mwa mtu, kibanue kwa bisibisi ndogo uone. Vingi vya aina hiyo ndani vina chipu moja ndogo, taa tatu, kitufe na vipande vichache vya kushusha umeme. Ili kuzungumza na kompyuta ya injini kupitia CAN (lugha ambayo kompyuta za gari huwasiliana kwayo), lazima kuwe na chipu ya mawasiliano iliyounganishwa na pini ya 6 na ya 14. Humo haimo. Kinachofanya kazi ni pini ya 16, yenye umeme wa betri, na ya 4 au 5, ambayo ni athi. Basi hapo umenunua taa za kumetameta.

Na hiyo Vitz ni ya soko la Japani. Gari nyingi za miaka hiyo hazina CAN kwenye soketi hiyo, hata kama umbo lake ni lilelile. Kidude kitajifunza nini na kwa njia ipi? Zaidi ya hayo, pini ya 16 ina umeme hata ukizima gari, kwa hiyo kinanyonya betri usiku kucha, na kikipiga shoti kinakata fyuzi.

Mpenda Injini:
Niongeze upande wa mafuta yenyewe. Injini ya petroli iliyo nzima inaunguza karibu petroli yote inayoingia. Isiyoungua ni kidogo sana. Hasara kubwa inatoka kama joto, kwenye ekzosti na rejeta. Sumaku inayodai "kuunguza vizuri zaidi" haina pa kuipata hiyo asilimia 35, na petroli haivutwi na sumaku kiasi cha kubadilisha chochote. EPA, shirika la mazingira la Marekani, imeshapima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii. Vichache tu vilionyesha nafuu, nayo ndogo, na vingine viliongeza uchafu wa moshi.

Hizo kilomita 200 za "kujifunza" ndizo zinazowadanganya watu. Mtu aliyekwishatoa pesa anakanyaga taratibu wiki nzima, kisha anakisifu kidude.

Mzee wa Gereji:
Pima kwanza. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze tone, andika kilomita. Tembea angalau 250, rudi pampu ileile, jaza vilevile. Kilomita 270 kwa lita 18 ni kilomita 15 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa sababu pampu ikijikata lita moja mapema tu, hesabu inapotoka kwa asilimia 5 au 6.

Kisha tafuta ugonjwa. Wa kwanza hapa kwetu ni themostati (kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) iliyotolewa, fundi akisema "nchi ya joto haihitaji". Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi, inamimina petroli zaidi. Asubuhi washa gari, shika paipu ya juu ya rejeta: ikianza kupata joto taratibu tangu mwanzo, themostati haimo au imekwama wazi. Ikibaki baridi dakika kadhaa halafu ghafla ikachemka, iko sawa.

Wa pili ni breki zinazoburura. Chumvi ya bahari inakula pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, fungua, safisha pini, paka grisi ya breki, si grisi ya kawaida maana hiyo inavimbisha raba.

Upepo wa mipira upime asubuhi kabla ya safari. Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: kPa 220 ni kama psi 32.

Bin Konde:
Nashukuru sana. Nikitaka kusoma joto la injini kwa ELM327 ya bluetooth (kile kisomeo cha kuchomeka OBD kinachotuma taarifa kwenye simu), itakubali?

Fundi Waya:
Kwa Vitz ya 2002 huenda isikamate, kwa sababu ileile ya lugha ya soketi. Mwombe muuzaji aijaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Ikikamata, tembea dakika 20 halafu soma joto la maji: nyuzi 85 hadi 95 ni sawa, ikiganda kwenye 70, anza na themostati. Ukimaliza kusoma, ichomoe, nayo inanyonya betri.